Hapana, 1963 hatukuwa sawa na Singapore

Jumamosi iliyopita nilikuwa Umoja na chama kimoja cha akiba, watu kama ishirini, tumekaa chini ya tenti ya kukodisha tunaongea kama wanunue ploti Joska ama waweke pesa kwa bondi za serikali. Maneno yalikuwa yanaenda vizuri mpaka mzee mmoja akainua mkono. "Madam, tunajisumbua bure. Sisi na Singapore tulikuwa sawa 1963, leo waangalie halafu utuangalie. Hii nchi ina laana. Mimi bora pesa yangu ikae chini ya godoro." Watu wakapiga makofi. Nikaweka kalamu chini, juu hio sentensi nimeisikia kwa matatu, kanisani, kwa redio asubuhi, kwa wanasiasa wa kila upande, na karibu kila wiki inaletwa mbele yangu na mtu anayetaka ushauri wa pesa. Nimechoka nayo. Kazi yangu ni kusaidia watu kuamua pesa zao ziende wapi, na mtu akishaamini ati tulianza mstari mmoja na mwenzetu akatushinda kwa tabia nzuri tu, hapo anaamua vibaya, anakata tamaa ama anafuata yeyote anayemuahidi kwamba atatupeleka Singapore kwa miaka kumi.

Sasa tuhesabu. Takwimu za Benki ya Dunia ziko wazi, bando ya shilingi ishirini inatosha kuzifungua. Nilimwambia yule mzee atoe simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akavaa miwani, mama aliyekaa karibu naye akamsaidia kutafuta, halafu akasoma mwenyewe kwa sauti, pato la kila mtu Singapore, 1960, nne mbili nane. Dola 428. Akateremka kwa Kenya. Dola 100 hivi. Akarudi juu akasoma tena kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Hii ni ya mwaka gani?" Elfu moja mia tisa sitini, mzee wangu, kabla ya uhuru, kabla ya serikali yoyote unayoilaumu. Wao walikuwa mara nne yetu na zaidi, na kufika 1963 wenyewe wamepita dola 500 na sisi bado tuko kwa mia na kidogo, yaani hata ile miaka mitatu pekee pengo lilikuwa linapanuka.

Halafu huo mwaka wenyewe wa 1963 wanaoutaja. Singapore haikuwa nchi huru. Tarehe 16 Septemba 1963 iliingia Malaysia kama jimbo, na ikatolewa huko tarehe 9 Agosti 1965. Kwa hivyo usiku ule tunapandisha bendera yetu Desemba 12, Singapore ilikuwa imemaliza kama miezi mitatu ndani ya nchi ya wengine.

Lakini hata hizo pesa na tarehe sio kitu kinachoniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni kwamba tunalinganisha mji na nchi. Singapore yote, na visiwa vyake vidogo, ni kilomita za mraba kama 730, na hapo wameshajaza bahari mchanga miaka na miaka, juu zamani ilikuwa kama 580. Kaunti ya Nairobi ni 696. Umeelewa? Singapore ni Nairobi ukiiongezea kipande kidogo cha Kiambu. Kenya ni kama kilomita 580,000, na Turkana peke yake unaingiza Singapore mara tisini na kitu. Sasa hebu fikiria mtu achukue Nairobi hii, aikate na makasi aiweke kando, asahau barabara ya kwenda Mandera, asahau visima vya Marsabit na walimu wa Kitui na stima ya kijiji cha mwisho Lokichoggio, halafu bandari ya Mombasa aihamishie Industrial Area, na meli zinazotoka China na Japani kwenda India na Ulaya zipite hapo nje ya mlango. Hio ndio Singapore. Imekaa kwa mdomo wa Mlango-Bahari wa Malaka na Waingereza waliifanya bandari ya biashara kutoka 1819. Nairobi ilianza kuwa kituo cha reli 1899, miaka 80 baadaye, na ilianza ndio treni ipumzike kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa.

Na hio bandari bado ndio moyo wa kila kitu huko. Mwaka 2024 Singapore ilipitisha makontena zaidi ya milioni 40, na Mombasa mwaka huo huo ikafurahia kuvuka milioni 2. Mombasa imefanya vizuri, sitaki kuikosea heshima, lakini nyuma ya Mombasa kuna watu zaidi ya milioni hamsini wanaotegemea mvua, na karibu asilimia 80 ya ardhi yetu ni kame ama nusu kame.

Angalia pia watu walikuwa wanaishi aje. Sensa ya 1962 ilipata Wakenya milioni 8.6 na waliokuwa wanaishi mjini hawakufika mmoja kati ya kumi, wengine wote ni shamba na mifugo, na hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ndio ilikuwa imeondolewa tu 1960, watu wamefungwa kambini na kuhamishwa kutoka mashamba yao. Mtoto aliyezaliwa Singapore 1960 alitarajiwa kuishi miaka 65 hivi. Wa Kenya hakufika 50. Ukiniambia hao watoto wawili walikuwa sawa nitakuuliza sawa kwa kitu gani.

Mzee akaniuliza, "Kwa hivyo unatetea serikali?" Hapana. Pengo la mara nne limekuwa la mara arobaini hivi, wao sasa wako juu ya dola 80,000 kwa mtu na sisi tuko kwa 2,000 na kidogo, na huwezi kusema hio yote ni jiografia. Wizi uko, na maamuzi mabaya yako, na mimi ninayaongelea kila siku. Singapore nao walikuwa na shida za ukweli. Mei 1961 moto wa Bukit Ho Swee uliacha watu kama 16,000 bila nyumba, 1964 wakauana kwa vurugu za Wachina na Wamalay, na Januari 1968 Waingereza wakatangaza wanafunga kambi za jeshi, na hizo kambi zilikuwa zinabeba karibu moja kwa tano ya uchumi wao. Walifanya kazi ngumu na wanastahili sifa. Lakini walifanya kazi ya kutengeneza mji wa bandari. Sisi kazi yetu ni nyingine, na ukinakili dawa ya mgonjwa mwingine utaumia.

Hizo hadithi zingine za Singapore nitazipitia haraka juu hazihitaji siku nzima.

Eti Singapore ni tajiri sababu ya mafuta. Hawana hata tone. Wananunua mafuta ghafi, wanasafisha, wanauza, Shell walianza kusafisha kisiwani Pulau Bukom 1961. Hata maji ya kunywa hawakuwa nayo ya kutosha, mpaka leo mengine yanatoka Johor, Malaysia, kwa mkataba wa 1962 unaoisha 2061, na kwa sababu ya hio hofu wakajifunza kusafisha maji taka mpaka yanywike. Chakula, zaidi ya asilimia 90 kinatoka nje.

Eti walikuja hapa kujifunza kwetu, wengine wanaongeza tuliwakopesha pesa. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa Singapore wakati huo, alizunguka nchi 17 za Afrika mwanzo wa 1964, hio ni kweli. Alikuja na ujumbe wa Malaysia kueleza viongozi wa Afrika kwa nini Malaysia ni nchi halali, juu Indonesia walikuwa wanaipinga kwa nguvu.

Eti wao ni kabila moja ndio maana wanaelewana. Hii inanikera karibu kama ile ya 1963. Wachina ni kama robo tatu, Wamalay asilimia 13 hivi, Wahindi 9, lugha rasmi ni nne, na wimbo wa taifa unaimbwa Kimalay. Tangu 1989 kila jumba la nyumba za serikali lina kiwango cha juu cha kila jamii, ukitaka kuuza nyumba yako na jamii ya mnunuzi imeshajaa hapo, humuuzii. Hawakuachia maelewano yajitokeze yenyewe.

Eti huko wanaishi bila makato. Jamani. Mfanyakazi wa chini ya miaka 55 anakatwa asilimia 20 ya mshahara inaingia kwa akiba yake ya lazima, mwajiri anaongeza 17. Jumla 37, na huo mfuko ulianzishwa 1955, enzi za mkoloni. Hapa tulilia na ile asilimia moja na nusu ya makato ya nyumba, na mimi nililia pia juu sikuona pesa yangu imeandikwa jina langu mahali popote. Yao imeandikwa, na unaweza kulipia nyumba nayo. Karibu wanane kati ya kumi wanaishi kwa nyumba za serikali, lakini hizo nyumba ni za hati ya miaka 99, sio milele. Na gari? Kabla ya kununua gari unanunua kwanza cheti cha kuruhusiwa kuwa nalo, kinadumu miaka kumi. Oktoba 2023 cheti cha magari makubwa kilifika dola 150,000 za Singapore, hesabu ya haraka ni kama milioni 15 zetu, na gari lenyewe bado. Mtu wa hapa aliyenunua Vitz kwa laki saba ameishi raha asiyoijua.

Eti tunahitaji dikteta. Zaire, Kongo ya leo, walikuwa na Mobutu miaka 32 na hawakugeuka Singapore. Ofisi ya Singapore ya kupambana na rushwa ilianzishwa 1952 na waliokuja baadaye wakaiachia meno. Tafuta huko.

Sasa kama lazima ujilinganishe, na mimi sikatazi, chagua mtu mliyetoka naye mahali panapofanana. Mimi kila mteja namwambia Vietnam, mpaka wengine wananicheka. Nchi kubwa, watu wengi, wakulima wengi, imetoka vitani. Mwaka 1990 pato la Mkenya kwa dola lilikuwa zaidi ya mara tatu ya la Mvietnam. Leo lao ni karibu mara mbili yetu. Hapo ndio kuna uchungu wa ukweli, juu hao tulikuwa tumewaacha nyuma. Kutoka 1986 walianza mageuzi wanayoyaita Doi Moi, wakaachana na mashamba ya pamoja ya kulazimishwa, familia zikapewa ardhi zilime na kujiuzia, baadaye viwanda vikafuata. Chukua kahawa tu. Kenya mwisho wa miaka ya themanini tulikuwa tunavuna zaidi ya tani 120,000 kwa mwaka, siku hizi ni kama 50,000. Vietnam ambao wakati huo hawakuwa wanahesabiwa sana, sasa ni wa pili duniani baada ya Brazil, zaidi ya tani milioni moja na nusu. Yao nyingi ni robusta, bei ya chini, yetu ni arabica inayosifiwa kila mahali, na bado.

Nilipofika hapo kwa kahawa yule mzee alinyamaza, akaweka simu mfukoni. Akasema ana miti 300 kule Kangema, ya baba yake, na kila mti unampa kilo mbili, tatu mwaka mzuri, na amekuwa akifikiria kuing'oa apande parachichi. Nikamuuliza mara ya mwisho kuipogoa ni lini. Hakukumbuka. Mama wa karibu naye, kumbe kwao ni Othaya na wanapata kilo kumi kwa mti, akaanza kumwambia mambo ya mbolea na kukata matawi ya zamani, wengine wakavuta viti. Ploti ya Joska ikangojea mkutano ujao.