"Akili yangu haitulii": dhana inayowaachisha watu tahajudi mapema

"Tahajudi siiwezi, akili yangu haitulii." Nasema ile ya kukaa kimya na kufuata pumzi, si swala ya usiku. Wiki hii pekee nimeisikia kauli hiyo mara nne. Ya mwisho ilitoka kwa mama muuza viazi wa Mwanjelwa, mwenye presha na usingizi wa mang'amung'amu. Nilimwomba akae kwenye kiti, miguu chini, afuate pumzi zake. Hazikuisha dakika mbili akafumbua macho.

"Mwanangu, nimeshindwa. Nimewaza viazi."

Nikamuuliza, ulijuaje mama kwamba unawaza viazi? Akafikiri kidogo. "Nilishtukia nipo sokoni naangalia kama turubai limefunika magunia. Basi nikarudi kwenye pumzi."

Sasa mama, hiyo ndiyo tahajudi! Ubongo huwaza kama moyo unavyodunda, hauzimiki kwa kuamriwa. Unachojizoeza ni kugundua kuwa akili imetoka, kisha kuirudisha bila kujigombeza. Ikitoka mara thelathini ukairudisha mara thelathini, umefanya zoezi mara thelathini. Inaniuma kuona watu wanaacha siku ya pili wakidhani wana kasoro, na wengi wao ndio wanaoihitaji zaidi. Anayejilazimisha asiwaze kabisa hukaza taya, hubana pumzi, moyo ukaenda mbio, halafu analalamika kwamba tahajudi imemwongezea wasiwasi.

Anza na pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Shusha taratibu mpaka kama sita, ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na mapigo ya moyo yatapungua. Mimi husisitiza ifanyike asubuhi kabla hujagusa simu, dakika kumi tu. Kama ni Juni na baridi yetu ya Mbeya, jifunike blanketi. Kitandani hapana, utasinzia.

Kukunja miguu sakafuni si lazima. Stuli ya jikoni inatosha.

Wengine huniambia, "Ni dini ya watu." Asili ya mazoezi mengi ni Ubudha na Uhindu, sifichi. Lakini tangu 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mpango wake wa tahajudi kwenye chuo kikuu cha tiba huko Massachusetts, Marekani, wagonjwa wenye maumivu sugu wamefundishwa bila ibada yoyote. Mlokole akifuata pumzi zake hajaabudu kitu.

Wengine nao, "Nikianza hii, naacha vidonge vya presha." Hapana, tena hapana! Uchambuzi wa majaribio 47 uliotolewa 2014, wenye washiriki 3,515, ulionyesha nafuu ndogo hadi ya wastani kwenye wasiwasi, sonona na maumivu. Haukuona ushahidi kwamba tahajudi inazishinda dawa wala mazoezi ya mwili. Dozi ataibadilisha daktari wako akiwa na vipimo mkononi. Yule mama nimemwambia ameze kidonge kwanza, ndipo akae.