Saratani ya Rektamu Haiishii Kwenye Ukuta wa Utumbo

Katika baraza za Mombasa husemwa kwamba saratani ya rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ni uvimbe tu, na kwamba ukishakatwa kazi imekwisha. Sivyo. Saratani hiyo huweza kupenya ukuta wa utumbo hadi kwenye mafuta yanayouzunguka, yenye mishipa na tezi za limfu, ambamo vipande vidogo hujificha mbali na uvimbe wenyewe. Ndiyo maana mpasuaji Mwingereza Bill Heald, mwaka 1982, alisisitiza mafuta hayo yatolewe pamoja na rektamu, utando unaoyafunika mafuta hayo ukiwa haujachanika. Picha ya MRI ikionyesha saratani imekaribia utando huo kwa milimita 1 au pungufu, kwa kawaida tiba ya mionzi hutangulia upasuaji, jambo ambalo jamaa wengi, kwa bahati mbaya, huliona kuwa ni kucheleweshwa.