Keti karibu na mwanafunzi, uone anapokwama

Siku moja, huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, niliketi kwenye benchi na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akisoma kwenye simu moduli yetu ya elimu ya masafa, yaani kitabu cha kujisomea mbali na chuo. Nilinyamaza, nikatazama tu. Alifika palipoandikwa "jaza jedwali lililo hapa chini", akateremka, akapanda, akateremka tena. Jedwali lilikuwa limebaki kwenye toleo la karatasi. Akazima simu: "Nitaendelea kesho, Mwalimu."

Nakiri kwamba fomu zetu za tathmini zisingeliona kosa hilo kamwe. Fomu hujazwa mwisho wa muhula, na wanaoijaza ni waliofika mwisho. Aliyeacha kozi wiki ya nne, ambaye ndiye mwenye habari tunayoihitaji, hakuna anayemuuliza.

Uganda si wageni katika kazi hii ya kufundisha kwa masafa. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada za nje, yaani za wanaosoma mbali na chuo, za ualimu na biashara, mwaka 1991, kwa moduli za karatasi na vipindi vya ana kwa ana. Korona ilipofunga masomo Machi 2020, wengi wetu tulihamishia mihadhara ya saa mbili kwenye Zoom tukaiita elimu ya masafa. Bando likaisha kabla ya somo.

Mwaka 1989 Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, alitaja maingiliano matatu: ya mwanafunzi na somo, na mwalimu wake, na wanafunzi wenzake. Mimi naanza na la pili, maana ndilo tunalolipuuza zaidi. Zoezi la kwanza liwe fupi, lije wiki ya pili, na lirudi limesahihishwa kabla la pili halijatolewa. Alama peke yake haitoshi: andika sentensi mbili zinazomwonyesha njia ilipompotea. Zoezi linalorudi baada ya mtihani halina faida kwa mtu.

Kabla ya kuchapa moduli, wape wanafunzi watano waisome mbele yako, kwenye simu wanazotumia nyumbani. Usiwaelekeze. Weka alama kila wanaposita.

Kisha, wiki ya tatu, toa orodha ya ambao hawajaleta zoezi na uwapigie simu, mmoja mmoja. Usianze kwa kugombeza. Mpe salamu, umuulize alifikia ukurasa gani, halafu ufungue moduli yako kwenye ukurasa huohuo.