Eti Wamisri wa kale nao walikuwa na gharika ya Nuhu? Maandishi yao hayasemi hivyo

Hii naiona inarudiwa kila mara, kwamba Ra, mungu wa jua, aliwakasirikia binadamu akawazamisha kwenye maji kama wakati wa Nuhu. Hapana jamani. Naipenda sana hii hadithi, ndo maana inaniuma ikigeuzwa hivyo.

Inaitwa Kitabu cha Ng'ombe wa Mbinguni. Kipande chake kiliandikwa kwenye kasha kubwa la nje, lile la dhahabu, kwenye kaburi la Tutankhamun, halafu ipo kwenye kuta za kaburi la Seti wa Kwanza kule Bonde la Wafalme na kwa akina Ramses kadhaa. Ra amezeeka, mifupa imekuwa fedha, mwili dhahabu, nywele lapis lazuli lile jiwe la buluu, na watu wameanza kumpangia njama. Anaita miungu wenzake kimyakimya ili watu wasishtuke, wanamwambia tuma Jicho lako, basi Jicho linashuka likiwa ni Hathor, mungu wa kike, linawafuata watu hukohuko jangwani walikokimbilia na kuwaua. Mvua hakuna, safina hakuna. Na hapo ndo jina la Sekhmet linapoingia, mungu wa kike mwenye kichwa cha simba, yaani Hathor akiwa mkali.

Kufurika kunakuja baadaye, tena kunafurika pombe! Ra anaona sasa inatosha, anatuma wajumbe wakimbie kama kivuli mpaka Elephantine, kisiwa cha pale Aswan, walete udongo mwekundu, huku vijakazi wanaponda shayiri ya kutengenezea pombe, wanachanganya na ule udongo mpaka rangi inakuwa kama damu ya watu, mitungi 7000. Usiku kabla Hathor hajaamka wanaimwaga mashambani, kina cha viganja vitatu, yaani sentimita 20 na kitu hivi. Asubuhi anafika anakuta kumejaa, anaona uso wake humo ndani unapendeza, anakunywa, analewa, hata watu hawatambui tena. Waliobaki wakapona. Kwa hiyo kilichofurika ndicho kilichowaokoa watu, sasa hapo gharika ya kuangamiza iko wapi?

Na ukiwaza maisha yao utaelewa tu. Kwetu mafuriko ni nyumba kuondoka, kwao Nile kufurika ilikuwa ndo chakula, maji yanapanda kila mwaka yanaacha tope lenye rutuba, na walikuwa na ngazi za mawe pale Elephantine za kupimia yamepanda dhiraa ngapi. Plinio, Mrumi, aliandika kwamba dhiraa 12 ni njaa, 16 ni furaha. Yakizidi sana yaliharibu kweli, ila yakigoma kuja ndo balaa lenyewe. Wengine huku kwetu wanadhani mafuriko yale yalitoka Ziwa Victoria, maji yetu yanafika kule ndiyo, ila kilichofurisha Misri ni mvua za milima ya Ethiopia zikishuka na Blue Nile na Atbara, na tope lake lilibadilisha rangi ya mto, ndo maana kuna wataalamu wanaoihusisha na ile pombe nyekundu. Yote hayo yaliisha lilipokamilika Bwawa Kuu la Aswan, 1970.

Kuna watakaotaja sura ya 175 ya Kitabu cha Wafu, maandishi waliyozikwa nayo Wamisri. Sawa, pale Atum, mungu muumba, anasema ataharibu vyote alivyoviumba na dunia itarudi kwenye Nun, maji ya mwanzo, wabaki yeye na Osiris, mungu wa wafu, tu. Lakini anaongelea mwisho baada ya mamilioni ya miaka, siyo tukio lililopita, na hakuna Nuhu wa kutoka salama na familia yake.

Lingine ni kumwita Sekhmet shetani. Aliogopwa kweli, maradhi yalihesabiwa ni mishale yake, lakini anayeleta ugonjwa ndiye anayeweza kuuondoa, kwa hiyo farao Amenhotep wa Tatu alimchongea mamia ya sanamu za mawe, na makuhani wake walikuwa wanatibu watu.