Pasipoti ya kibaolojia katika mbio za baiskeli

Pasipoti ya kibaolojia ni kumbukumbu ya vipimo vya damu vya mwanamichezo mmoja, vilivyochukuliwa kwa miezi na miaka ili kubaini matumizi ya dawa zilizokatazwa. Hoja yake ni kwamba mtu apimwe kwa damu yake mwenyewe, si ya wenzake. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilianza kuitumia mwaka 2008.

Chanzo ni EPO. Hii ni homoni ya figo inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu, na chembe zikiongezeka misuli hupata oksijeni zaidi. EPO ya maabara ilitamba miaka ya 1990, wakati hakukuwa na kipimo cha kuibaini. Mwaka 1997 UCI iliweka kikomo: kwa wanaume, chembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu. Mwendesha baiskeli Marco Pantani aliondolewa kwenye mbio za Giro d'Italia za 1999 akiwa anaongoza, kwa kukutwa na 52. Lakini kikomo kile kilikuwa kibovu. Mwenye 41 kwa maumbile aliweza kujidunga hadi 49 na asiguswe.

Pasipoti hutazama mwenendo. Hasa inafuatilia himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, na chembe nyekundu changa. Anayejiongezea damu aliyoihifadhi, himoglobini yake hupanda, huku chembe changa zikipungua kwa sababu mwili unaona damu inatosha na kupunguza kazi. Pia, katika mashindano ya wiki tatu kama Tour de France, himoglobini kwa kawaida hushuka kwa sababu majimaji ya damu huongezeka. Ikibaki palepale, wataalamu huanza kuuliza maswali.

Na kuuliza ndiyo kazi yake. Kupiga kambi milimani au kuugua pia hubadilisha damu, kwa hiyo wataalamu hupitia takwimu bila kujua ni za nani, kisha mhusika hupewa nafasi ya kujieleza. Franco Pellizotti wa Italia alifungiwa mwaka 2011 ingawa kesi yake haikutegemea sampuli iliyokutwa na dawa. Roman Kreuziger wa Cheki alishtakiwa, akajitetea, na UCI ikaiondoa kesi mwaka 2015.

Tofauti hiyo kati ya tuhuma na hukumu ni muhimu sana kwangu, kwa sababu barabarani tuhuma haina utaratibu wowote. Katika Tour ya 2015, mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alisema mtazamaji alimmwagia mkojo huku akimwita mtumiaji wa dawa. Kasi ya mtu mlimani, hata ikishangaza namna gani, si ushahidi wa dawa.

Hata hivyo pasipoti ina tundu. Dozi ndogondogo za EPO zinaweza kuinua chembe polepole na kuziweka ndani ya mipaka ya kawaida ya mhusika, na dawa yenyewe hutoweka mwilini upesi. Ndiyo sababu wapimaji hufika nyumbani au hotelini bila taarifa, na wakiwa na sababu nzito ya kushuku, hata usiku wa manane.