Mgongo wazi unazuiliwa kabla ya kliniki, ndio maana tunakuja madarasani

Tukienda sekondari hapa Dodoma kuongelea watoto wanaozaliwa na mgongo wazi au kichwa kikubwa, kuna anayenyoosha mkono, sisi bado wanafunzi hayo yanatuhusu nini? Yanawahusu sana wanangu. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinaanza kama mrija mdogo, na huo mrija unatakiwa uwe umefunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba itunge, usipofunga vizuri mgongoni ndio mgongo wazi huo, sasa siku hizo wengi hata hawajajua kama wana mimba, mtu akija kugundua akafika kliniki mwezi wa nne akapewa fefo, zile za kuongeza damu zenye madini ya chuma na foliki asidi, zitamsaidia kwa mengine ila kwa mgongo wazi muda ushapita.

Kwahiyo foliki asidi, ile vitamini inayosaidia mrija ufunge, inatakiwa iwe mwilini mapema, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba mpaka wiki ya 12. Haizuii kila ulemavu, ila kwa mgongo wazi inapunguza hatari kwa kiasi kikubwa.

Alafu chakula. Maharage, kunde, choroko, karanga, njugu mawe, mchicha, vyote vina foleti, vitamini hiyo hiyo ikiwa ya asili kwenye chakula, na vyote vipo sokoni Majengo. Ila foleti inapotea kwa jua na moto mwingi, so mlenda wa kukausha kula lakini usiutegemee peke yake. Unga nao, kanuni za nchi zinataka unga wa viwandani wa mahindi na ngano uongezwe virutubishi, foliki asidi ikiwemo, lakini wengi tunasaga mashine za mtaani na pale kwa kawaida hakiongezwi kitu. Na mahindi yenye ukungu msile jamani, 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, ile ilikuwa aflatoksini, na ipo aina nyingine, fumonisini, inahusishwa na huu huu mgongo wazi.

Wavulana msisinzie. Kesho nyie ndio mnanunua unga wa nyumbani, nyie ndio mnamnunulia mwenzio pombe, na kwa mjamzito hakuna kiasi cha pombe kilicho salama, iwe mvinyo wa zabibu zetu au pombe ya mtama. Na mtoto akizaliwa na ulemavu nyie ndio mnaosikilizwa ukoo ukianza kusema mama karogwa au ana laana, inaniuma sana hii, mama ametoka kujifungua, mtoto anahitaji upasuaji haraka, watu wanatafuta mchawi. Mpelekeni hospitali.

Wasichana wenye kifafa, kuna dawa inaitwa valproeti, inaongeza hatari ya mgongo wazi. Usiiache ghafla, degedege likirudi ni hatari kwako, nenda kwa daktari wako umwambie mapema kwamba siku moja utataka kuzaa, aangalie kama kuna dawa nyingine inayokufaa.