Barua ya shule isikae mkobani: safari za kubadilishana wanafunzi na familia zetu Ulaya

Mama mmoja kutoka Bukavu, Kongo, alikuja ofisini kwetu hapa Köln, Ujerumani, mwezi wa Novemba, mkononi ana barua ya shule iliyokunjwa mara nne. Barua hiyo ilikuwa imekaa mkobani mwake wiki tatu. Binti yake wa darasa la 9 alikuwa na nafasi ya kwenda Lille, Ufaransa, kwa siku 10, alale nyumbani kwa msichana wa rika lake. Baada ya miezi miwili msichana yule naye angekuja Köln kulala kwao. Nilipomaliza kumfafanulia, mama hakuuliza bei wala tarehe. Aliuliza hivi: "Dada, mutoto ya batu atalala wapi? Tuko batano, vyumba ni mbili."

Kazi yangu ni kushauri familia za wahamiaji kuhusu mambo ya shule, na barua hii naijua vizuri. Kila mwaka kuna watoto wetu wanaobaki darasani wenzao wakipanda treni, na nikifuatilia nakuta mara nyingi mtoto alitaka kwenda, mwalimu alitaka aende, ila mzazi alionea haya nyumba yake au aliogopa habari ya viza, akanyamaza mpaka siku ya mwisho ya kujibu ikapita. Nyumba na viza vyote vina ufumbuzi. Ufumbuzi wenyewe unataka miezi, hautaki siku mbili.

Tuelewane kwanza ni safari ya namna gani, maana shule za hapa zina safari nyingi. Iko ile ya darasa zima, watoto wanalala hosteli na kutembezwa makumbusho. Hii nyingine, ambayo Wajerumani wanaiita Schüleraustausch, ni ya nipe nikupe. Kila mtoto ana mwenzake upande wa pili. Analala kwao, anakula wanachokula, anakwenda naye shuleni asubuhi, kisha zamu inageuka. Kitanda hakilipiwi na mtu.

Mtindo huu haukuzuka tu. Ufaransa na Ujerumani zilipigana vita vitatu vikubwa kati ya 1870 na 1945. Tarehe 9 Septemba 1962 Rais Charles de Gaulle alisimama mjini Ludwigsburg akawahutubia vijana wa Kijerumani kwa lugha yao wenyewe, Kijerumani. Tarehe 22 Januari 1963 yeye na Kansela Konrad Adenauer wakatia saini mkataba wa urafiki katika ikulu ya Élysée, na Julai ya mwaka huohuo ikaundwa ofisi ya pamoja ya vijana wa nchi hizo mbili. Wajerumani wanaiita DFJW, Wafaransa wanaiita OFAJ. Tangu hapo vijana wapatao milioni 10 wamepitia programu zake. Ujerumani na Poland nazo zikaanzisha ofisi ya namna hiyo mwaka 1991. Mzazi wa miaka ile ya sitini alikuwa bado na msiba wa vita moyoni, na akaombwa amtandikie kitanda mtoto wa adui wa jana. Huwa nawasimulia wazazi haya kwa makusudi, ili waone kwamba tangu mwanzo kilichotakiwa ni nyumba ya watu, na kile chakula na kelele zinazoendelea humo.

Kwa hiyo, suala la chumba. Kwa kawaida shule haidai mgeni awe na chumba cha peke yake. Inataka mahali safi pa kulala, chakula, na mtu mzima anayekuwepo usiku. Godoro sebuleni linatosha. Mdogo wa binti yako anaweza kuhamia chumbani kwa mama kwa hizo siku 10. Na kama kweli haiwezekani, labda kuna mgonjwa ndani au mnaishi katika makazi ya muda, mwambie mwalimu waziwazi na mapema. Mara nyingi hupatikana familia nyingine ya kumlaza mgeni, na mtoto wako akaenda vilevile.

Kosa ninaloliona kwetu ni kumpokea mgeni kupita kiasi. Mashuka mapya yananunuliwa kwa mkopo, pilau inapikwa kila siku, mtoto wa watu anakaa kitini kama bwana harusi na haruhusiwi hata kugusa kikombe. Anashukuru, lakini ndani anajisikia mpweke, maana hakuja kuheshimiwa, alikuja kuishi. Wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi mpeni. Atandike godoro lake, aoshe vyombo na mwenzake, ashushe taka. Na binti yenu mfundisheni kufanya hivyohivyo akiwa kwao.

Habari ya chakula iandikwe mapema na kwa uwazi. Usiandike tu "ni Mwislamu" ukadhani wataelewa. Andika kwamba hali nguruwe, nyama nyingine anakula ya halali tu, na samaki, mayai na mboga anakula bila shida. Kama safari imeangukia Ramadhani, iseme hiyo pia, pamoja na kama mtoto atafunga au la. Familia ya upande wa pili inapenda kuambiwa kuliko kubahatisha.

Sasa karatasi, na hapa nitakaa kidogo.

Mtoto mwenye uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anahitaji kitambulisho au pasi ambayo haijaisha muda. Mtoto mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi au nyingine kama hizo, na ambaye ana kadi ya ukaazi ya Ujerumani, anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, bila viza, siku 90 katika kila siku 180. Lakini kadi na pasi vinasafiri pamoja, na vyote viwili viwe havijaisha muda. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kadi ni mpya, kumbe pasi ya mtoto iliisha mwaka juzi na hakuna aliyeifungua. Pasi mpya kupitia ubalozi inaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo barua ikifika, usiku huohuo toa pasi kabatini uangalie tarehe.

Pasi ya yule binti wa Bukavu ilikuwa imeisha. Kilichomwokoa ni karatasi ambayo wazazi wengi hawajawahi kuisikia, na walimu kadhaa niliozungumza nao vilevile. Kwa uamuzi wa Baraza la Umoja wa Ulaya wa tarehe 30 Novemba 1994, mwanafunzi wa uraia wa nje anayeishi kihalali katika nchi mwanachama anaweza kuingia nchi nyingine mwanachama bila viza akiwa na kundi la shule linaloongozwa na mwalimu, mradi jina lake limo katika orodha ya wasafiri. Orodha hiyo inaandaliwa na shule: wanafunzi, madhumuni ya safari, tarehe. Asiye na kitambulisho chenye picha hubandikiwa picha yake humo, na ofisi ya wageni, ile inayotoa kadi za ukaazi, inathibitisha kwa muhuri kwamba ni mkaazi na ana haki ya kurudi. Kwa Kijerumani inaitwa Schülersammelliste. Ikiwa imekamilika namna hiyo, sheria ya hapa inaihesabu kuwa badala ya pasi. Liandike jina hilo kwenye kikaratasi umpelekee mwalimu. Hata kama hali ya ukaazi ya mtoto wako bado haijatulia, uliza kuhusu orodha hii kabla hujamwambia mtoto kwamba haiwezekani.

Kwa ndugu walioko Ufaransa mambo yana sura nyingine kidogo. Huko mtoto wa chini ya miaka 18 halazimiki kuwa na kadi ya ukaazi, hivyo anayetaka kuvuka mpaka na kurudi anaombewa hati ya kusafiria ya mtoto mgeni, iitwayo DCEM. Zaidi ya hiyo, tangu Januari 2017 kila mtoto anayeishi Ufaransa, hata Mfaransa, akitoka nchini bila mzazi anahitaji fomu ya ruhusa iliyosainiwa na mzazi. Fomu ni bure. Fomu isiyosainiwa ndiyo inayomrudisha mtoto mpakani.

Uingereza ni habari ngumu. Zamani shule za Ujerumani zilipeleka watoto London kwa orodha hiyohiyo. Baada ya Uingereza kutoka katika Umoja wa Ulaya mlango ulibanwa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 haipokei tena orodha hiyo wala vitambulisho vya kawaida vya Ulaya kwa wageni wengi. Mtoto mwenye pasi ya Kiafrika Mashariki au ya Kongo akawa anahitaji viza kamili, yenye ada yake na alama za vidole, kwa safari ya siku tano. Nimeona darasa zima likienda na watoto wawili wakibaki wakijaza mazoezi katika darasa la jirani. Ufaransa ilikubaliana na Uingereza, na tangu mwisho wa Desemba 2023 makundi ya shule kutoka Ufaransa yenye wanafunzi wasiopungua 5, wa miaka 18 kushuka chini, husafiri kwa fomu maalumu bila viza, hata kwa watoto wa uraia wa nje. Ujerumani nayo ilitia saini mkataba na Uingereza tarehe 17 Julai 2025 wenye ahadi ya kurahisisha safari za shule. Basi barua yako ikitaja Uingereza, swali la kwanza kwa mwalimu liwe hili: mwanangu anaingia kwa utaratibu upi?

Ziko pia safari ndefu zaidi, na watoto wetu wanazistahili. Programu ya Brigitte Sauzay, iliyopewa jina la mkalimani wa marais wa Ufaransa, humpeleka mwanafunzi kwa mwenzake wa Ufaransa kwa kawaida wiki 12. Hiyo ni zamu ya kwenda. Zamu ya pili ni ya kumpokea mwenzake. Wiki 12 ni siku 84, kwa hiyo kadi ya ukaazi bado inatosha, ila hesabu na siku alizokwenda kumsalimia shangazi Brussels katika kipindi hicho. Programu ya Voltaire ni miezi 6 kila upande. Hiyo inavuka siku 90, inahitaji viza ya kukaa muda mrefu. Tena kadi ya Ujerumani inaweza kufutika mtu akikaa nje zaidi ya miezi 6, kwa hiyo pata kibali cha ofisi ya wageni kwa maandishi kabla mtoto hajaondoka. Kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya unaogharamia safari za masomo, shule inaweza kupeleka kundi kwa siku 2 hadi 30, au mwanafunzi mmoja mmoja mpaka siku 365. Wewe mzazi huombi fedha hizo, shule ndiyo inayoomba. Unachoweza ni kuuliza kama imeomba.

Kuhusu fedha za nyumbani: familia inayopokea msaada wa kujikimu, Wohngeld (msaada wa kodi ya nyumba) au Kinderzuschlag (nyongeza ya watoto kwa wenye kipato kidogo) ina haki ya kuomba gharama halisi za safari ya shule ya siku nyingi kupitia fungu la elimu, Bildung und Teilhabe. Omba kabla ya kulipa. Pesa ya mfukoni haimo. Kuhusu matibabu, geuza kadi ya bima ya mtoto. Nyuma yake kuna kadi ya bima ya Ulaya. Inafanya kazi Ufaransa au Poland, lakini kwa mtoto asiye na uraia wa Ulaya nchi kama Denmark na Uswisi zina mipaka yake, kwa hiyo piga simu kwa kampuni ya bima kwanza.

Halafu siku ya tatu au ya nne simu italia, na mtoto atakuwa analia. Chakula ni kigeni, shule za Ufaransa zinaisha jioni, lugha imemchosha kichwa. Msikilize, mwombee, mwambie mtaongea tena kesho. Kwa wengi ukiwa wa siku hiyo unapita. Lakini akisema kuna mtu mzima nyumba ile anayemtia hofu, au hawezi kufunga mlango wa bafu, hilo si la kusubiri kesho. Mpigie mwalimu aliyefuatana nao usiku huohuo, na namba yake uwe umeichukua kabla ya safari. Mtoto naye aijue hiyo ruhusa kabla hajaondoka: aseme, na hatagombezwa.

Yule mama wa Bukavu alibaki na swali moja tulipokuwa tunajaza fomu. "Uyo mutoto wa Lille anasema luga gani?" Nikamwambia Kifaransa. Akaniangalia. "Kifaransa tu?" Alisoma kwa Kifaransa miaka yake yote ya shule. Mahali pa lugha za wazazi alikuwa ameandika Kiswahili peke yake, kwa sababu tangu afike Ujerumani hakuna aliyewahi kumhitaji kwa Kifaransa chake. Tuliongeza neno moja kwenye mstari ule, na wiki iliyofuata mwalimu akampigia kumwomba asaidie kuzungumza na wazazi wa Lille.

Nilipita kwao Aprili, siku ya tatu ya ugeni. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani sebuleni. Jikoni msichana wa Lille alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili akisonga ugali, jasho usoni, na mama amesimama nyuma yake akimwelekeza kwa Kifaransa.